Apolo Kivebulaya: Mwalimu Aliyerudi Mboga

Wengi wetu tunaijua hofu ya kusimama peke yako kijijini. Mtoto anaumwa nawe unakataa hirizi, au ukoo unafanya tambiko nawe huendi. Baada ya hapo, balaa lolote likitokea, macho yote yanakugeukia wewe. Leo tunamkumbuka mtu aliyeishi katika hali hiyo bila kukimbia: Apolo Kivebulaya, mwinjilisti wa Uganda na Kongo.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Aliitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujanani alikuwa askari, na kwa muda alifuata Uislamu. Alibatizwa mwaka 1895, akachukua jina la Apolo. Kivebulaya lilikuwa jina la utani. Kwa Kiganda, Bulaya ni Ulaya, na watu walimwita hivyo kwa sababu ya vazi lake lililotoka huko.

Mwaka huohuo alitumwa kufundisha Toro, magharibi mwa Uganda. Mwishoni mwa 1896 akaenda mbali zaidi, ng'ambo ya mto Semliki, hadi Mboga. Leo mahali hapo panaitwa Boga, na pako Ituri, mashariki mwa Kongo.

Kabla yake walikuwa wamefika walimu wawili kutoka Buganda. Mtawala wa Mboga, Tabaro, alizuia wasipewe chakula, na njaa ikawaondoa. Apolo alipofika, alishika jembe akalima shamba lake mwenyewe.

Tusidhani Tabaro alikuwa mkorofi tu. Watu wa Mboga waliitegemea mizimu na hirizi kulinda nyumba zao na watoto wao. Mgeni akisema vitu hivyo vitupwe, aliyeamini nguvu zake aliona kijiji kizima kinaachwa bila kinga. Apolo alikemea pia ulevi na kuoa wake wengi, na hayo yalimgusa mtawala nyumbani kwake. Walioandika habari zake wanasimulia kwamba alipigwa na nyumba yake ikachomwa moto.

Kisha likatokea jambo baya zaidi. Mwanamke wa jamaa ya Tabaro aliangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alilaumiwa kwa kifo hicho. Alipelekwa Toro akiwa amefungwa, akatiwa gerezani. Waliomwona akiondoka hivyo wangeweza kusema kwamba mizimu imeshinda.

Apolo mwenyewe hakuficha kwamba moyo wake ulilegea. Alisimulia baadaye kwamba katika mwaka 1898, alipokuwa akijiuliza mateso yataendelea hadi lini, Yesu alimtokea usiku aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Aliamini kwamba tangu siku ile watu walianza kumsikiliza na kuacha desturi zao za zamani.

Kesi ikaisha, akaachiliwa. Angeweza kubaki Toro. Mfalme wa huko, Daudi Kasagama, alikuwa Mkristo, na Apolo alikuwa na marafiki wengi. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alirudi Mboga, kwa watu walewale waliomfukuza na kwa mtawala yuleyule. Hakurudi na askari wala hakutaka kisasi. Alifundisha kama mwanzo. Baada ya muda Tabaro mwenyewe aliomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Alitumika Toro kwa miaka mingi. Mpaka ulipochorwa na Mboga kuwa upande wa Wabelgiji, alivuka tena kwenda kuwatunza Wakristo wake. Umri ukiwa umepita miaka hamsini, alianza kuingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani wengi waliwadharau. Hakuoa, na mali yake ilikuwa kidogo.

Alifia Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake katika kazi yake.

Tunapomtafakari, tunaona kwamba ujasiri wake haukuwa wa kelele. Hatusikii kwamba alishindana na waganga kwa maajabu. Alilima, alifundisha, aliumia, akaogopa, akarudi. Pengine kwa mtu anayeamini akiwa peke yake kijijini, ushindi wa kwanza ni huo wa kubaki, au wa kurudi.

Kabla ya kufa aliacha agizo moja. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu ambao alikuwa hajamaliza kuufikia.