Ferdinand Porsche na Motokaa ya Nguvu Mbili

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba, 1875, huko Maffersdorf katika Bohemia, iliyokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Baba yake, fundi bati, alitaka mwanawe arithi kazi hiyo, lakini kijana alipenda umeme, na alipopata miaka 18 akaenda Vienna kufanya kazi katika kiwanda cha umeme.

Mwaka 1900 motokaa yake ya umeme ilionyeshwa Paris. Mota zake zilikaa ndani ya magurudumu ya mbele. Shida ilikuwa betri: zilikuwa nzito mno, na zikiisha nguvu motokaa husimama papo hapo. Basi mwaka ule ule Porsche akatia injini mbili za petroli. Msomaji asidhani kuwa zilizungusha magurudumu, la! Kila moja iliendesha jenereta, nayo ikatoa umeme wa mota na wa kujaza betri. Hivyo betri ndogo zaidi zikatosha. Katika nyingi za motokaa kubwa za leo za namna hii injini nayo husukuma magurudumu, na dereva akifunga breki betri hupata umeme; lakini asili ni ile ile.

Baadaye alimtumikia Hitler, akabuni Volkswagen, na hata kifaru cha petroli na umeme. Kwa hayo sifa yake ina doa. Baada ya vita Wafaransa walimfunga. Akaachiliwa mwaka 1947, akafa Stuttgart tarehe 30 Januari, 1951.