Razi: Tabibu Aliyesomeshwa na Wagonjwa

Jioni moja baada ya sala ya Alasiri, mpwa wangu alinijia barazani uso umemkunjana. Yuko mwaka wa kwanza katika chuo cha utabibu, na katika karatasi zote za mtihani alikuwa wa mbele. Lakini alipopelekwa wodini, muuguzi mmoja mtu mzima, asiyefikia nusu ya masomo yake, alimsahihisha mbele ya wagonjwa namna ya kumgeuza mzee mwenye vidonda vya kulalia. Kijana akaona haya, akataka kuacha. Sikumlaumu wala sikumbembeleza. Nilimmiminia kahawa, nikamsimulia habari za Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, na leo nawasimulia nanyi wasomaji.

Razi alizaliwa yapata mwaka 865 katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, nchini Iran. Wasimulizi wa kale wanaeleza kuwa ujanani alishughulika na kupiga udi na kuchanganya madini, na kwamba utabibu aliuingia akiwa mtu mzima. Hata hivyo alipanda mpaka akawa mkuu wa hospitali ya Rayy, na baadaye ya Baghdad.

Darasa lake halikuwa mbali na wagonjwa. Alikaa huku wanafunzi wamemzunguka safu baada ya safu. Mgonjwa akija, huwaeleza kwanza walio safu ya nje. Wakishindwa, hupelekwa kwa walio ndani zaidi, na hao nao wakishindwa, ndipo Razi mwenyewe husema. Basi mwanafunzi wake alitahiniwa na mtu anayeumwa.

Wala msidhani alidharau vitabu. Alivisoma sana vya Wayunani, na Jalinus alimheshimu kama mwalimu wake. Lakini alipoyaona kwa macho yake yasiyolingana na kitabu, aliandika alichokiona, hata akatunga kitabu kizima cha shaka zake juu ya Jalinus. Kuna wakati wagonjwa wenye dalili za maradhi ya utando wa ubongo aliwagawa mafungu mawili: hawa akawatoa damu kama ilivyokuwa desturi, na wale akawaacha makusudi, ili aone tofauti. Katika risala yake juu ya ndui na surua alibainisha kuwa maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, na kichefuchefu huzidi katika surua. Hilo halijui ila aliyekaa na wagonjwa wengi.

Alifariki yapata mwaka 925, akiwa amekwisha pofuka. Maandishi aliyoyaweka miaka mingi yalikusanywa baada yake yakawa kitabu cha al-Hawi, kilichotafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kusomwa na matabibu wa Ulaya.

Hapo mpwa wangu akaniuliza, kama ni hivyo, mitihani ya nini? Nikamjibu kwa kisa cha mwaka 931, Razi akiwa amekwisha kufa. Mtu mmoja alipoteza maisha Baghdad kwa kosa la tabibu, na Khalifa al-Muqtadir akamwamuru Sinan bin Thabit awatahini matabibu wa mji. Waliotahiniwa walizidi 800. Miongoni mwa waliosamehewa ni wale ambao ustadi wao ulikwisha kujulikana na watu. Kwa hiyo mtihani una kazi yake, nayo ni kumkinga mgonjwa na mjinga. Alama zinampa mtu ruhusa ya kukikaribia kitanda. Akishafika hapo, inambidi aanze kusoma upya, na mwalimu wake aweza kuwa yule aliyemdhania hajui.

Kijana alimaliza kahawa yake, akaaga bila ya neno.

Juzi nilimwuliza yule mzee anaendeleaje. Kabla ya kunijibu alitoa kijidaftari mfukoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maelezo ya namna ya kumgeuza mgonjwa, kama alivyofunzwa na yule muuguzi.