David Livingstone, Mwanafunzi Aliyekaribia Kukataliwa

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kulisikia jina la David Livingstone. Huyu ndiye mmisionari aliyekutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871. Safari zake zinajulikana sana. Lakini je, unajua kwamba nusura akataliwe kabla hajaianza kazi hiyo? Soma habari zake.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi, 1813, katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Jamaa yote iliishi katika chumba kimoja. Alipofika umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika. Alianza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 2 usiku. Kisha alikwenda darasani hadi saa 4 usiku.

Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Akiwa kazini alikiweka kitabu juu ya mtambo. Kila alipopita alisoma sentensi moja. Hivyo ndivyo alivyojiendeleza mpaka mwaka 1836, alipoanza kusomea udaktari katika mji wa Glasgow.

Maisha ya pamoja

Mwaka 1838 Chama cha Misheni cha London kilimwita. Alikuwa na umri wa miaka 25. Chama kilimpeleka Ongar, mji mdogo wa Uingereza, pamoja na vijana wengine, ili wafundishwe na kupimwa. Mwalimu wao alikuwa Mchungaji Richard Cecil.

Vijana hao waliishi pamoja karibu na kanisa. Walisoma pamoja na kusali pamoja. Walijifunza Kilatini, Kigiriki na mambo ya dini. Pia kila mmoja aliandika mahubiri. Mwalimu aliyasahihisha, kisha mwanafunzi aliyashika kwa moyo na kwenda kuyatoa vijijini.

Katika maisha hayo walijuana na kusaidiana. Siku moja ya mwezi Novemba, Livingstone aliondoka saa 9 usiku kwenda London kwa miguu, kwa shughuli ya ndugu yake. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 30. Kulikuwa na giza na ukungu, akatumbukia mtaroni. Aliendelea na safari, akamaliza shughuli zake, akarudi siku ile ile. Njiani alipotea. Aliona nguzo yenye kibao cha njia, akaipanda, akakisoma kibao kwa mwanga wa nyota. Unaona, msomaji, faida ya kujua kusoma! Alifika Ongar karibu na usiku wa manane, hoi, hawezi hata kusema. Mwenzake Joseph Moore alimpa mkate na maziwa, akamlaza kitandani.

Aibu ya mimbarini

Livingstone hakuwa msemaji. Alipoongoza sala ya nyumbani alisitasita. Jumapili moja alitumwa kuhubiri katika kijiji cha Stanford Rivers. Alisoma maneno ya Biblia polepole. Kisha mahubiri yote yakamtoka kichwani. Aliwaambia watu kwamba amesahau, akashuka na kutoka nje.

Mchungaji Cecil aliwaandikia wakuu wa Chama habari hizo, na taarifa haikuwa nzuri. Wakuu walikuwa tayari kumkataa. Lakini mmoja wao alimwombea aongezewe muda. Akaongezewa. Alirudi kwa wenzake, akaendelea na masomo, na mwisho akakubaliwa.

Mwezi Novemba, 1840, alifuzu udaktari. Mwezi huo huo alibarikiwa kuwa mchungaji. Mwezi wa Desemba alipanda meli kuja Afrika. Miaka mingi baadaye, maandishi yake yaliwafunulia watu wa Ulaya ubaya wa biashara ya watumwa. Aliyeshindwa kusema mbele ya watu wachache alisikika mbali kwa kalamu yake.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kimo katika nchi ya Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Hata safari hiyo ya mwisho iliwezekana kwa sababu ya watu wanaosaidiana.

Ndugu msomaji, katika kila darasa yuko anayechelewa. Anashika chaki, mkono unatetemeka. Anaitwa ubaoni, anasahau. Msimcheke. Mwongezeeni muda. Na kama ni wewe, usiache darasa. Rudi kesho.

Maswali

1. Livingstone alisomaje wakati akifanya kazi kiwandani?
2. Kwa nini wakuu wa Chama walitaka kumkataa?
3. Katika darasa lenu, mnamsaidiaje mwenzenu anayechelewa?