Shaaban Robert: Jina Moja, Vitabu vya Kila Aina

Mwanafunzi wa kidato cha nne, tuseme unakaa Fedha na umepita kwa muuza vitabu vya mtumba. Anakuwekea rundo mbele yako: riwaya kuhusu nchi inayoelea hewani, maisha ya mwimbaji wa taarabu wa Unguja, kitabu cha insha, diwani ya mashairi na utenzi wa Vita vya Pili vya Dunia. Majalada yote yana jina moja. Utadhani ni watu watano walioazimana jina. La, ni mtu mmoja, tena karani.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. (Jina Robert lisikupotoshe, alikuwa Mwislamu.) Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaajiriwa katika idara ya forodha. Baadaye alihudumu katika idara ya wanyama, ofisi za serikali mjini Tanga na upimaji wa ardhi. Kwa hivyo mshahara wake ulitoka kwa serikali ya kikoloni, na jambo hili ulikumbuke unaposoma Kusadikika, iliyotoka 1951. Humo Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kufundisha uanasheria, naye Karama anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi na kuishia gerezani. Karani wa serikali hangeweza kuitaja Tanganyika waziwazi katika kisa kama hicho. Nchi ya angani ilimpa nafasi ya kusema.

Katika Maisha Yangu anajieleza mwenyewe: hiyo ni tawasifu. Anaomboleza kifo cha mkewe Amina, na anawaachia watoto wake wosia wa kishairi, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Ndiyo maana hupati mpaka safi kati ya nathari na ushairi wake. Wasifu wa Siti Binti Saad nao unahusu mtu mwingine, mwimbaji aliyefariki 1950. Watahiniwa wengi huchanganya tawasifu na wasifu, ilhali mwandishi huyu mmoja amekupa mfano wa kila kimoja. Kwa maoni yangu, cha Siti ndicho kinachosomwa kidogo kuliko kinavyostahili: mwanamke wa kijijini, asiyejua kusoma wala kuandika, anapewa kitabu kizima.

Sasa hapa ndipo wengi huanguka. Kufikirika ina mwaka 1967, na Utubora Mkulima 1968. Mwanafunzi akiona miaka hiyo huandika kwamba mwandishi alikuwa akiwakosoa viongozi wa baada ya Azimio la Arusha. Haiwezekani. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Miswada hiyo ilibaki nyuma yake, ikachapishwa akiwa kaburini. Utenzi wa Vita vya Uhuru vilevile ulitoka 1967, nao unasimulia vita vya 1939 hadi 1945, wala si harakati za kudai uhuru wa Tanganyika. Kabla ya kuandika lolote kuhusu muktadha, tafuta kwanza kitabu kilitungwa lini, ndipo uangalie mwaka uliochapwa ndani ya jalada.