Kiharusi Hakikumlaza Louis Pasteur

Ukinunua maziwa ya pakiti dukani, hapo pana mkono wa Louis Pasteur, Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1822 mjini Dole, mtoto wa mtengeneza ngozi. Wengi twamjua kwa maziwa hayo na kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Wachache wajuao kwamba chanjo hiyo aliitengeneza akiwa mtu aliyepooza upande mmoja.

Kiharusi kilimpata tarehe 19 Oktoba 1868 jijini Paris, akiwa na miaka 45. Mchana alihisi ganzi upande wa kushoto, lakini hakukubali kukaa nyumbani. Alikwenda kwenye mkutano wa wanasayansi. Usiku huo ulimi ukawa mzito, mkono na mguu wa kushoto ukakataa. Madaktari walimpachika ruba nyuma ya masikio wamnyonye damu. Ndiyo iliyokuwa tiba ya zama zile.

Watu walishamkatia tamaa. Hata maabara mpya aliyokuwa akijengewa ilisimamishwa, kwani ilidhaniwa mwenyewe hatapona. Habari hiyo ilimuuma sana, mpaka Mfalme Napoleon III akaamuru ujenzi uendelee. Pasteur, akiwa kitandani bado, alirudiwa na ulimi na akili yake ilikuwa timamu. Alianza kusema maneno ya utafiti wake, wengine wakamwandikia. Baada ya miezi mitatu tu alisafiri kusini mwa Ufaransa, akakokota mguu wake kurudia uchunguzi wa maradhi ya viwavi wa hariri.

Mkono wa kushoto haukupona sawasawa, na alichechemea maisha yake yote. Kazi za mikono zilifanywa na wasaidizi kama Émile Roux, yeye akaongoza. Ikaja chanjo ya kimeta mwaka wa 1881, kisha mwaka wa 1885 akaokolewa kijana Joseph Meister, wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Taasisi yake ilifunguliwa 1888, naye akafariki 1895, miaka 27 baada ya kiharusi kile.

Siku hizi watafiti wanatueleza kwamba ubongo una uwezo wa kujifunza upya. Sehemu iliyokufa hairudi, lakini sehemu nzima zaweza kuchukua baadhi ya kazi zake, mradi kiungo kifanyishwe mazoezi mara kwa mara, na mapema.

Huku kwetu Pwani, mzee akianguka twasema kapigwa na jini, tukamzungusha kwa waganga huku saa zikiyoyoma. Akirudi nyumbani twamlaza, twamlisha, twamfanyia kila kitu kwa mapenzi, na mkono unakauka. Dua tumuombee, Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji. Lakini hospitali afikishwe haraka, na mazoezi asikose. Mpe kijiko ashike mwenyewe, hata akimwaga uji.