Edward Saidi Tingatinga: Msanii wa Vibao vya Dari

Mkaazi wa Ruiru au Thika akisikia neno tingatinga huwazia mashine, mfano wa zile zilizochimba na kusawazisha ardhi barabara kuu ya Thika ilipokuwa ikipanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012. Nchini Tanzania, neno lilo hilo ni jina la mtu, na baada ya kufa kwake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Makala haya yanamwangazia mtu huyo, kwa kuwa maisha yake yana funzo kwetu tunaoishi jirani na wasanii wanaoumba kazi zao kutokana na vyuma chakavu na vitu vilivyokwisha kutupwa.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika, katika familia ya wakulima. Elimu yake ya shuleni ilikuwa haba. Kama vijana wengi wa kusini wakati huo, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kutoka huko alihamia Dar es Salaam, akawa mtunza bustani katika nyumba ya Mwingereza mmoja. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 na mwajiri wake kuondoka, alibaki akijikimu kwa vibarua vya hapa na pale.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36, bila kusomea sanaa popote. Turubai na rangi za wachoraji hazikuwa vitu vya mtu wa kipato chake. Alichukua vibao vyembamba ambavyo mafundi hutengenezea dari, vipande vya mraba vyenye upana wa sentimita 60 hivi, akavipaka rangi zing'aazo za kupakia baiskeli. Juu ya usuli wa rangi moja alichora chui, tembo au ndege, aghalabu mnyama mmoja aliyekijaza kibao chote. Mkewe alimsaidia kuziuza picha hizo karibu na duka la Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi walifika kununua mahitaji yao.

Wapo wahakiki wanaoibeza kazi hiyo kuwa ni bidhaa ya watalii. Kwa maoni yetu, wanasahau jambo ambalo mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili analijua vyema. Mizani na vina humbana mshairi, lakini katika kubanwa huko ndimo ubeti unamopata umbo lake. Kibao cha dari kilikuwa mizani ya Tingatinga. Ufinyu wake ulimlazimisha kuchagua umbo moja na kuliacha litawale, na rangi ya baiskeli, iliyokusudiwa kustahimili jua na mvua, ikazipa picha zake mng'ao unaozitambulisha hadi leo. Uhaba haukuwa pambo la kazi yake. Ulikuwa msingi wake.

Alipopata ajira katika Hospitali ya Muhimbili, hakuiacha brashi. Vijana kadhaa, wengi wao jamaa zake, waliketi kando yake wakajifunza kwa kutazama na kuiga, kama fanani chipukizi anavyojifunza ngano kwa kumsikiliza mkongwe. Mwaka 1972, akiwa ndani ya gari na wenzake jijini Dar es Salaam, polisi walidhani ni wezi wanaotoroka, wakawafyatulia risasi. Tingatinga akafa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wake waliendelea kuchora, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wenye jina lake. Leo picha za mtindo huo huuzwa mbali sana na Oysterbay. Hata hivyo, mengi kuhusu mwasisi wake yamehifadhiwa kwa kumbukumbu za jamaa na wanafunzi, na masimulizi hayo hayakubaliani kila mara.

Hapo ndipo penye wajibu wetu. Kando ya barabara kati ya Ruiru na Thika wapo mafundi wa jua kali wanaogeuza mapipa na mabati makuukuu kuwa vyombo na mapambo. Tumezoea kukusanya ngano na methali za wazee kabla hazijapotea. Tukusanye pia maisha ya wasanii hawa, kwa vinywa vyao wenyewe, wangali hai.