Tharia Topan: Aliyeshika mkopo na forodha ya Unguja

UKIPITA Barabara ya Mizingani mjini Unguja ukitokea Forodhani kuelekea bandarini, huwezi kulikosa jumba refu lenye roshani za mbao zilizochongwa na vioo vya rangi. Wenyeji wengi hulijua kama Dispensari ya Kale. Wachache hukumbuka kwamba fedha za kulijenga zilitoka kwa mfanyabiashara aliyefika kisiwani akiwa mtoto asiye na senti.

Mtu huyo ni Tharia Topan, aliyezaliwa mwaka 1823 Lakhpat, katika nchi ya Kutch, magharibi mwa India. Simulizi za Makhoja zinaeleza kuwa alijificha ndani ya jahazi akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na alipogunduliwa chombo kilikuwa kimekwisha kuiacha pwani.

Unguja aliyoikuta ilikuwa chini ya Seyyid Said bin Sultan. Mikarafuu ilikuwa inapandwa kwa wingi na watumwa, na pembe za ndovu zilikuwa zinashuka kutoka bara. Tharia alipata kazi za chini katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, tajiri wa Kihindu ambaye jamaa zake ndio waliokuwa wamekodi forodha ya Sultani. Huko ndiko alikojifunza hesabu na, jambo lililomfaa zaidi, kumjua mtu wa kukopeshwa na mtu wa kuepukwa.

Forodha ya kukodi

Inafaa kueleza kidogo forodha hiyo ilivyokuwa ikiendeshwa, maana ndiyo iliyopanga bei ya karibu kila kitu mjini.

Sultani hakuwa na makarani wa kukusanya ushuru. Alimkodisha tajiri mmoja bandari zote, kuanzia Unguja hadi miji ya Mrima, kwa kiasi maalumu kwa mwaka. Tajiri alilipa kiasi hicho, na chochote alichokusanya zaidi kilikuwa chake. Miaka ya 1840 kodi hiyo ilikuwa karibu reale 150,000 kwa mwaka. Kufikia 1870 ilikuwa imevuka reale 300,000.

Bidhaa zilizoletwa na wageni zilitozwa asilimia 5, kiwango kilichowekwa katika mkataba na Marekani wa mwaka 1833 na baadaye katika mikataba na Uingereza na Ufaransa. Asilimia 5 si mzigo mkubwa kwa macho ya leo. Lakini aliyekusanya ushuru alikuwa pia mwagizaji wa bidhaa, mkopeshaji wa wenye mashamba na mkopeshaji wa Sultani mwenyewe. Muuza duka mdogo aliyenunua mchele au kaniki kwa jumla alikuwa akinunua kwa mtu yuleyule, au kwa mdeni wake.

Sultani naye hakusalimika. Seyyid Barghash alipotawala mwaka 1870 alirithi deni la zaidi ya reale 500,000 ambalo nyumba ya Jairam ililidai kwa ndugu yake Majid.

Katikati ya miaka ya 1870 Barghash aliiondoa forodha mikononi mwa nyumba ya Jairam na kumkodisha Tharia Topan. Kijana aliyeanzia chini katika nyumba hiyo sasa akawa ameishinda. Mwaka 1875 Barghash alipofanya ziara Uingereza, Tharia alikuwa katika msafara wake.

Nguo zinakwenda, pembe zinarudi

Utajiri wa Tharia, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kujengwa kabla ya forodha. Ulijengwa kwa mkopo wa misafara.

Kazi ilikwenda hivi: Tharia alichukua marobota ya merikani, shanga na nyaya za shaba kutoka kwa wafanyabiashara wa Marekani na Ulaya, mara nyingi kwa ahadi ya kulipa baadaye. Bidhaa hizo aliwakopesha wakuu wa misafara ya bara kwa bei ya juu kuliko ya fedha taslimu. Mkuu wa msafara aliahidi kurudisha pembe, labda baada ya miaka miwili au mitatu. Wapagazi wangeweza kukimbia, ndui ingeweza kuingia kambini, au vita vingeweza kufunga njia ya Tabora.

Mkopaji wake maarufu kupita wote ni Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili anamtaja Tharia mara kadhaa. Tippu Tip aliondoka pwani karibu mwaka 1870 na hakurudi Unguja hadi mwaka 1882. Ni mkopeshaji gani wa leo angekaa miaka 12 bila kumwona mdeni wake? Tharia alikaa, huku shehena za pembe zikimfikia kidogo kidogo, na mdeni aliporudi akawa ndiye mwenye pembe nyingi kuliko wote.

Hapa pana doa ambalo sifa za ukarimu haziwezi kulifuta. Tharia alikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na raia wa namna hiyo walikatazwa kumiliki watumwa. Mwaka 1860 Balozi Rigby aliwaachia huru maelfu waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Lakini nguo zilizotoka ghalani kwake ndizo zilizoendesha misafara iliyochoma vijiji vya Manyema na kuteka watu.

Kimbunga na wenye mashamba

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja. Meli za Sultani zilizama bandarini na sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa iling'oka. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa ghala la karafuu. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Mkunazini.

Mkarafuu mchanga huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Mwenye shamba wa Unguja aliyekuwa na deni la mjini alijikuta hana mazao, hana wafanyakazi wapya na riba inapanda. Wengi waliweka mashamba rehani, na wakopeshaji walikuwa hasa Wahindi wa Mji Mkongwe. Bei ya karafuu ilipanda, kweli, lakini ilimfaidi aliyekuwa na karafuu za kuuza.

Matajiri hao waliishi katika nyumba za mawe na chokaa, duka chini na familia juu. Ng'ambo ya hori vilikuwa vibanda vya udongo na makuti. Hata maji safi hayakuwa rahisi kupatikana mpaka Barghash alipoleta mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu na kuwapa watu maji bure.

Jiwe la msingi

Mwaka 1887, katika sherehe za miaka 50 ya Malkia Victoria, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali ya kuhudumia maskini. Mwaka 1890 Uingereza ilimpa cheo cha Sir. Mwaka uliofuata alifariki dunia Bombay, ambayo leo ni Mumbai, jengo likiwa halijakamilika.

Mjane wake aliiendeleza kazi hadi ilipomalizika miaka michache baadaye. Baadaye jumba liliuzwa, likawa mikononi mwa wakfu wa Haji Nasser Nurmohamed: chini dispensari ya hisani, juu vyumba vya kupangisha. Kodi ya wapangaji wa juu ndiyo iliyosaidia kulipia dawa za waliokuja chini.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba liliingia mikononi mwa Serikali na kuanza kuchakaa. Miaka ya 1990 mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ulilikarabati, mbao na vioo vyake vikarudishwa, na likafunguliwa tena kama kituo cha utamaduni.